Kwa nini nilienda Ukerewe na kitabu cha Mzee Kitereza

Tangu tumerudi likizo kuna mjadala hauishi pale kimbwetani. Jamaa mmoja wa darasa letu kaona picha za visiwa vya bahari ya Mediterania, Malta na Krete na wenzake, na sasa kila akikaa anahesabu bumu lake kama vile kuna siku litamfikisha huko. Ngome za kale, bahari ya bluu, samaki wa kuchoma, zeituni, yaani basi tu. Mimi sina ugomvi na Malta. Ila niliuliza swali moja: nani hapa anajua kwamba kisiwa cha Ukerewe ni kikubwa kuliko nchi nzima ya Malta? Kimya. Malta yote, pamoja na visiwa vyake vidogo, ni kilomita za mraba 316. Ukerewe peke yake ni kama 530, na hakuna kisiwa cha maji baridi kinachokizidi Afrika nzima. Halafu mtu wa kwetu Mugeta halazimiki hata kuwa na pasipoti. Unatoka asubuhi, unashika gari hadi Bunda, Bunda unashika la Kisorya, unavuka kwa kivuko mpaka Rugezi, na jua halijazama uko Nansio unanawa mikono.

Jamaa akasema sawa, lakini Malta kuna historia. Hapo ndipo nikaona niandike.

Tuanze na tulichofundishwa. Wote tulipita ile mada ya sekondari ya mawakala wa ukoloni: wapelelezi, wamisionari, wafanyabiashara. Ukerewe ipo humo ndani, ila ukipepesa macho unaipita. Kwanza jina lenyewe. Kabla Speke hajafika kwenye ukingo wa Mwanza mwaka 1858 na kuliita ziwa jina la malkia wake, wafanyabiashara wa pwani waliokuwa wanaingia bara walikuwa wanalitaja kwa jina la Ukerewe. Kisiwa kilikuwa kinajulikana kiasi kwamba ziwa lote lilibeba jina lake, kama vile mtu anavyosema "tunaenda Kariakoo" akimaanisha mjini. Hilo peke yake linakwambia kitu. Watu hawaliiti ziwa kwa jina la mahali ambapo hakuna biashara. Wakerewe walikuwa na mitumbwi, walikuwa na pembe za ndovu zilizotoka bara ng'ambo, na walikuwa na mtawala, Omukama, wa ukoo wa Abasilanga ambao masimulizi yao yanasema walitoka Ihangiro, kule upande wa Kagera. Ndiyo maana ukisikia Kikerewe kinaongewa na una rafiki Mhaya, unashangaa mbona anaelewa nusu.

Mwaka 1875 akaja Stanley. Omukama wakati huo alikuwa Lukonge, na Stanley alimhitaji kuliko Lukonge alivyomhitaji yeye, kwa sababu msafara wake ulikuwa umekwama upande wa kusini na njia ya kwenda Buganda ilikuwa ni majini. Alipewa mitumbwi. Stanley huyo huyo ndiye aliyeandika ile barua maarufu ya kuwaita wamisionari waje Buganda, Waingereza wa CMS wakaitikia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kisiwani.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa pwani aliyeitwa Songoro ambaye alikuwa anajenga jahazi pale Ukerewe. Wamisionari wawili, Luteni Shergold Smith na O'Neill, walihitaji chombo, wakalinunua. Songoro akaingia kwenye ugomvi na Lukonge, akakimbilia kwa wale Wazungu. Lukonge akataka akabidhiwe mtu wake. Wakakataa. Desemba 1877 Smith, O'Neill na Songoro wote waliuawa, pamoja na watu wao wengi. Vitabu vya kimisheni vikaandika habari za mashahidi wa imani waliouawa na mfalme katili, na hadithi ikaishia hapo. Lukonge akaendelea kutawala mpaka Wajerumani walipomng'oa mwaka 1895.

Mimi ni mwanafunzi wa ualimu, nitasimama mbele ya darasa, na hiyo historia naweza kuifundisha kwa dakika arobaini na kengele ikalia. Lakini iangalie vizuri. Kila anayesimulia yuko kwenye chombo cha majini, anakuja au anaondoka. Hakuna anayekaa. Hakuna anayekwambia Jumanne ya kawaida Ukerewe ilikuwaje: nani alipika, alipika nini, mtu akiumwa alienda kwa nani, mke akirudi kwao mume alifanya nini. Hata Lukonge mwenyewe tunamwona pale tu anapokutana na Mzungu. Na kumbe alikuwa na kazi kubwa kuliko ya kupokea wageni. Omukama alikuwa anadaiwa mvua! Ikikataa kunyesha, au ikizidi, watu wake waliweza kumwondoa.

Sasa ndiyo nifike kwa mzee mwenyewe.

Aniceti Kitereza alizaliwa 1896, mwaka mmoja tu baada ya Lukonge kuondolewa, na alikuwa wa ukoo huo huo wa watawala. Alisoma seminari ya Rubya, upande wa Bukoba. (Usichanganye na msitu wa Rubya ulioko Ukerewe kwenyewe. Mimi nilipouliza njia ya kwenda Rubya kuna kijana aliniuliza, "Kusali au kukata mbao?") Huko alijifunza Kilatini, Kijerumani, na lugha nyingine, akaacha njia ya upadri, akaoa, akarudi kisiwani na kuishi Kagunguli karibu na misheni. Yeye na mkewe Anna walipata watoto wakafa wadogo. Hawakubaki na hata mmoja. Kwa mila za wakati ule ndugu wangemwambia aoe mwingine, lakini alibaki na Anna.

Mwaka 1945 alimaliza kuandika kitabu. Kwa Kikerewe. Kinahusu mume na mke wa Ukerewe ya zamani, kabla ya Wazungu, Myombekere na Bugonoka, ambao hawana mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanakuja kumchukua binti yao kwa sababu ndugu wa mume wanamsimanga. Myombekere hakubali kumwacha. Anaenda ukweni kuomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na faini hiyo ndiyo injini ya mwanzo wa kitabu: mtu anayeishi peke yake bila mke wa kumpikia anatakiwa akusanye ndizi, aivishe, akamue, achachushe, abebe mitungi mpaka ukweni. Baadaye wanapata tiba, wanapata watoto wawili, Ntulanalwo na Bulihwali, na sehemu ya pili inawafuata hao.

Majina yenyewe yana uzito wake. Myombekere linatokana na kujenga. Ntulanalwo ni kama kusema "naishi nacho", yaani kifo. Bulihwali ni "yataisha lini", yaani mateso. Wazazi waliosubiri mtoto muda wote huo ndiyo majina waliyowapa, na aliyeyaandika ni mwanaume ambaye watoto wake aliwazika. Mimi kitabu nilikianza kama kazi ya darasani, nikafika kwenye majina nikakiweka chini kidogo.

Kuna watu wanalalamika kwamba ni kirefu, kinasimama njiani kueleza kila kitu. Ni kweli. Mtu akiwinda kiboko utaelezwa uwindaji wa kiboko mpaka uhisi umelowa. Salamu zinaandikwa zote, zote kabisa, mkwe na mkwe wanasalimiana nusu ukurasa. Mwalimu wetu mmoja wa fasihi alisema kama riwaya, kingeweza kupunguzwa. Mimi naona aliyesoma hivyo anatafuta riwaya tu. Kitereza alikuwa anaona vijana wa kisiwa chake wanasahau, na lugha yenyewe inaanza kupungukiwa maneno, akaamua kuweka kila kitu mahali pamoja kabla hakijapotea. Aliona akiandika kama orodha ya mila hakuna atakayesoma, akatafuta mume na mke wanaopendana akawatwisha mzigo wote. Hiyo salamu ya nusu ukurasa ndiyo historia yenyewe. Stanley asingeweza kuiandika hata angekaa miaka kumi, maana yeye hakuwa mkwe wa mtu.

Na safari ya kitabu jamani ni ndefu kuliko ya Stanley. Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, aliyekuwa amemtia moyo Kitereza, alianza kukitafsiri kwa Kifaransa, akafariki kazi haijaisha. Mswada ukakaa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakaja Wamarekani wawili, Gerald na Charlotte Hartwig, kufanya utafiti wa historia ya Wakerewe, wakakutana na mzee na mswada wake. Wakauhangaikia. Tatizo likawa lugha: nani atachapa kitabu kinene namna hiyo kwa Kikerewe, kitauzwa kwa nani? Basi mzee, akiwa na miaka sabini na kitu, akakaa chini akakitafsiri mwenyewe chote kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikakitoa, na mwaka ulioandikwa ni 1980. Kitereza alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Miaka thelathini na sita tangu aweke kalamu chini. Baadaye kikatoka Kijerumani, Kifaransa, na mwaka 2002 Kiingereza, kilichotafsiriwa moja kwa moja kutoka Kikerewe na Gabriel Ruhumbika, naye ni mtoto wa kisiwa hicho hicho na mwandishi kwa haki yake.

Kwa hiyo nilipoenda likizo iliyopita nilikibeba. Nilitaka kuona kipi bado kipo.

Pa kutembea pako pengi. Kuna kilima cha Handebezyo, unapanda juu ya mawe na unaona ziwa na visiwa vidogo vimetawanyika kama mtu kamwaga maharage. Kuna Bukindo, walikokaa watawala wa mwisho, na jumba lao la zamani. Nilikaa pale muda mrefu kidogo, nikifikiria kwamba mababu wa wenye nyumba hii walidaiwa mvua, na wa mwisho walidaiwa kodi na Mwingereza. Mawe ya Ukerewe ni kama ya Musoma na Mwanza, makubwa, yamebebana, hujui nani aliyapanga. Ufukweni ukikaa jioni na upepo wa ziwa, hiyo Mediterania unaisamehe.

Lakini kilichonikalisha kufikiri ni chakula.

Nansio niliingia kwa mama ntilie mmoja, nikaagiza ugali wa muhogo na sato wa mchuzi. Sato alikuwa mkubwa, mkia unatoka nje ya sahani, na bei ambayo chuoni unapewa wali maharage na ukichelewa wali tupu. Pembeni kuna sangara wa kukaanga. Kwenye meza machungwa, maana Ukerewe kwa machungwa hawana mpinzani ukanda wetu. Nikasema moyoni, hiki ndicho chakula cha asili cha kisiwa. Kisha nikafungua kitabu, si kwa mbwembwe, nilikuwa nasubiri chai tu.

Sangara hayumo. Hawezi kuwemo. Sangara alipandikizwa ziwani kutokea upande wa Uganda miaka ya 1950, baada ya Kitereza kumaliza kuandika, na ilipofika miaka ya 1980 alikuwa kajaa ziwa lote na kula wenzake. Wale furu wadogo ambao wazee wetu walikuwa wanawavua kwa ndoana za watoto walikuwa wa aina mamia, na wanasayansi wanakadiria aina kama 200 zimepotea. Sato ninayemla naye ni mgeni, aliletwa kipindi hicho hicho, na akamsukuma pembeni ngege ambaye ndiye alikuwa mwenyeji. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, na huku kwetu serikali za kikoloni ziliusukuma ulimwe kama akiba ya njaa. Machungwa nayo hayakuota yenyewe. Kwa hiyo sahani yangu yote ya asili ilikuwa na wageni watupu, ukitoa chumvi na maji.

Nikamuuliza yule mama, "Shikamoo mama, ningu mnapika?"

"Marahaba. Ningu?" Akacheka. "Mwanangu, ningu wa wapi tena? Muulize babu yako."

Kulikuwa na mzee amekaa mlangoni anasubiri mtu. Akadakia bila kuulizwa kwamba ningu walikuwa wanapanda mitoni mvua zikianza, na watoto walikuwa wanawaona kwa macho. Ngege akamsifu mpaka akafumba macho. Kamongo akasema yupo, na kambale yupo, "lakini nyie wa mjini mnaogopa sura yake." Nikamwonyesha kitabu. Hakukisoma, alikishika tu akakipima uzito, akaniuliza kama ni Biblia. Nikamwambia ni cha Kitereza wa Kagunguli. "Aa, Aniceti," akasema, kama mtu anayetajiwa jirani. Kisha mtu wake akaja wakaondoka.

Ndizi niliziona, ila si zile za kitabuni ambapo mgomba ni nyumba, ni pombe, ni faini, ni msamaha wa mkwe. Muhogo umechukua sehemu kubwa ya mashamba, na ukiangalia watu walivyobanana utaelewa kwa nini, maana muhogo hauchagui sana udongo. (Na kabla hujasema ndizi ndiyo asili kabisa, nayo ilitoka Asia, ila miaka mingi sana iliyopita. Tukianza hivyo tutabaki tunakula furu.) Ninachosema ni hiki: bila kile kitabu ningekula, nikapiga picha, nikarudi na kuwaambia nimekula chakula cha mababu. Ambaye angenisahihisha asingekuwa Stanley wala Hartwig. Ni mtu aliyeandika pombe ya ndizi hatua kwa hatua kwa sababu aliona siku moja hakuna atakayejua.

Ukara sikufika safari hii. Ni kisiwa kidogo kaskazini ya Ukerewe, na walimu wa jiografia wanakipenda kuliko sisi wa historia, kwa sababu watu wa kule walikuwa wanafuga ng'ombe ndani, wanakusanya mbolea yote na kuirudisha shambani, ardhi ndogo inalimwa bila kupumzika na bado inatoa. Wakoloni walikuja kuwafundisha kilimo, wakaishia kuwaandika kwenye ripoti. Lakini niwe mkweli, nilisimama Bugolora nikaangalia maji nikaahirisha. Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya Alhamisi, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa kinakaribia Ukara. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 220. Fundi mmoja aliokolewa akiwa hai siku mbili baadaye ndani ya chombo kilichopinduka. Kwa watu wa pale hiyo bado si historia. Niliponunua machungwa muuzaji alisema tu "siku ile" na mwenzake akajua ni siku gani.

Kuna kitu kimoja sijakipatia jibu na nataka wenzangu wa Kiswahili mnisaidie. Kisiwa hiki kimoja, chenye wilaya moja, kimetoa Kitereza, kimetoa Ruhumbika, na kimetoa Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo 1944 na kufariki Januari 2020. Yaani mtu wa Rosa Mistika! Kitabu kilichotoka 1971, kikapigwa marufuku mashuleni, kisha leo tunakitahiniwa. Na Rosa naye ni wa Namagondo, si wa mji wa kufikirika. Kitereza anaandika Ukerewe ya kabla ya meli, Kezilahabi anaandika Ukerewe ya shule za bweni, na katika Gamba la Nyoka ya 1979 anaandika vijiji vya ujamaa vinavyoingizwa kwa nguvu. Ukivipanga vitatu hivyo mezani una zaidi ya miaka mia ya kisiwa kimoja, vyote kwa Kiswahili, vyote vimeandikwa na watu wa pale. Krete wana Kazantzakis wao, sawa. Sisi tuna hawa, na kwenye muhtasari wa Historia hawamo, wamewekwa upande wa Fasihi kama vile waliandika mambo ya kutunga tu. Mimi kipindi changu cha mafunzo kwa vitendo nimepanga kuwasomea wanafunzi ule ukurasa wa faini ya pombe kwenye somo la Historia, katika jamii za kabla ya ukoloni. Mkaguzi akikaa nyuma ya darasa na akanuna, nitajua cha kumwambia, na nikikosa nitamsomea salamu za wakwe mpaka kengele ilie.

Kwa wanaotaka kwenda: nendeni kiangazi, bebeni sweta ya jioni, na msiagize sangara siku ya kwanza. Ulizeni kamongo. Na yule aliyeazima Myombekere hapa maktaba tangu muhula uliopita, tafadhali rudisha, tuko watu watatu kwenye foleni na nakala yangu mimi niliazimwa na mtu ambaye naye anaidai.